Kinyozi wa Minara

Mpwa wangu Thoeun ni kinyozi, lakini usimpelekee kichwa chako. Yeye hunyoa Angkor Wat. Ndege wakishashiba matunda ya porini huenda kunya juu ya minara ya hekalu, mbegu zikaota kwenye nyufa, na mche ukiachwa ukanenepa, mizizi yake husukuma mawe mpaka yaporomoke. Kwa hiyo Thoeun na wenzake hupanda huko juu na panga fupi, wakang'oa kila kilichothubutu kuota. Urefu wa minara sikutajii, maana hesabu kubwa na mimi tuliachana shuleni mapema. Ila ukimtazama kutoka chini utadhani ni kunguru.

Kazi hiyo nilimpatia mimi. Hapa Siem Reap wapo watakaokwambia alijipatia mwenyewe, na hao wana wivu. Kwao Svay Rieng alikuwa mgema, anapanda mivumo kuteremsha maji yake matamu ya kupikia sukari. Siku moja nilikwenda kumsalimia dada yangu Yim, mama yake, nikamkuta kijana anashuka mvumo kwa mkono mmoja huku anakula ndizi. Nikasema, huyu anaipotezea miti miguu yake. Nikaja naye mjini, nikampeleka kwa msimamizi mmoja wa hekalu niliyekuwa nikimbeba kwenye bajaji yangu.

"Mzee," nikamwambia, "nimekuletea nyani mwenye adabu."

Na adabu anayo. Mpaka leo hapandi bila kuwasha udi na kupiga magoti, akawaomba radhi miungu na mizimu wenye mahali pao, kwa kuwa miguu yake itapita juu ya vichwa vyao. Wenzake huomba kwa haraka. Yeye huomba mpaka udi unakaribia kuisha, na msimamizi anakohoa.

Mimi wageni nimewabeba wa kila aina. Wanakuja wamenuna. "Nimeisikia sana Angkor, naogopa itaniangusha." Namshusha mlango wa magharibi, naenda zangu kunywa kahawa. Akitoka, shingo imeungua kwa jua, mdomo uko wazi, na anapanda bajaji ya mtu mwingine bila kujua. Hajapatikana bado aliyerudi akaniambia wamemdanganya.

Aliyenishinda ni mmoja tu, naye ni dada yangu wa tumbo moja. Alikataa katakata kuja. Sababu yake ilikuwa bendera.

Sisi hekalu letu liko kwenye bendera. Yim alipokuwa msichana, bendera ya mfalme ilikuwa na minara mitatu. Ikaja miaka ile ya njaa na mauaji, iliyomchukua mumewe. Ilipopita, serikali mpya ikapandisha bendera yenye minara mitano. Baadaye mfalme akarudi, na minara ikarudi kuwa mitatu. Watu wengine waliona mabadiliko ya siasa. Dada yangu aliona msiba. Kwa akili yake, minara ilikuwa mitano tangu zamani, ile mitatu ya mwanzo ilikuwa uvivu wa fundi, na miwili ikaanguka vitani.

"Serikali inaweza kudanganya redioni," alikuwa akisema, "lakini bendera inapepea mbele ya kila mtu. Ingekuwa bado mitano, wangeificha miwili kwa faida ya nani?"

"Mama, mimi nimeipanda yote mitano," Thoeun alimwambia kila mwaka alipokwenda nyumbani. "Wiki iliyopita nilikuwa juu ya mmoja wa hiyo unayoililia."

"Najua, mwanangu. Wewe una moyo mzuri."

"Si moyo, Mama. Ni kazi yangu."

"Vilivyobomoka nimeviona vya kutosha," angesema mama yake, akarudi kutafuna tambuu yake.

Thoeun si mtu wa kulalamika, lakini aliwahi kuniambia, "Mjomba, mimi nimezeekea juu ya minara ile, na mama yangu anaamini karibu nusu yake naiota ndotoni." Angeweza kuendelea kungoja. Tatizo ni kwamba macho ya Yim yalipandwa na presha. Jicho moja likapofuka kabisa. Daktari akasema la pili linafuata njia hiyohiyo, na kilichokwisha potea hakirudi. Ama aje sasa, ama afe anaamini mtoto wake humfariji kwa uongo.

Hapo ndipo akili yangu inapohitajika. Nikapanda basi mpaka Svay Rieng.

"Dada, nimekuja kukuomba radhi," nikamwambia kabla sijavua viatu. "Ulisema kweli. Minara ni mitatu."

Taya likasimama. "Amekiri?"

"Hajakiri, ndiyo taabu. Anatangaza mitano mtaa mzima, hata wajukuu zako wanaimba hivyo. Anahitaji mama yake asimame pale mbele, amnyooshee kidole, amwambie: haya, hesabu."

"Kwa nini usimwambie wewe?"

"Mimi nani ataniamini?"

"Hilo nalo kweli," akasema, akaenda kutafuta vazi lake la hariri la kwendea pagoda.

Kesho yake baada ya kufika nilimwamsha mapema, kukiwa bado na ubaridi. Nilitaka dada yangu aingie kama malkia, kwa hiyo nikampitisha njia kuu ya mawe, katikati kabisa, tukavuka maji, tukapita lango, na hekalu likajitokeza mbele yetu, jeusi, na mbingu nyuma yake inaanza kuwa ya dhahabu. Kwa jicho lililochoka hakuna picha iliyo rahisi kuliko hiyo. Kidole chake kikainuka.

"Mmoja. Miwili. Mitatu."

Nikangoja anicheke. Hakucheka. Alikaa chini juu ya jiwe na vazi lake la hariri, akajifuta uso kwa ukingo wake.

"Njia nzima nilikuwa naomba nikosee, Hak," akasema. "Nilikuja nikosee."

Nikajiona mpumbavu. Kila aliyezaliwa hapa anajua kwamba ukisimama katikati ya njia, minara ya mbele huifunika ya nyuma. Fundi wa bendera ya mitatu naye alisimama papo hapo. Najua hilo kama ninavyoyajua meno yangu, lakini fahari ya umalkia ilikuwa imenipanda kichwani.

"Inuka, Dada. Tushuke ngazi hizi za kushoto."

"Nikalione pengo vizuri?"

"Ndiyo. Twende ukalione pengo."

Tukashuka, akanishika mkono, tukatembea kwenye majani kuelekea bwawa, wageni wamejaa na kamera zao. Nikawaambia wapishe, mama mwenye nyumba anapita. Hawakuelewa neno, lakini walipisha. Yim hakutazama anapokanyaga. Jicho lake lilikuwa juu. Tulipokuwa tunakwenda, pembeni mwa mnara wa kushoto bega jingine likachungulia. Likawa shingo, likawa mnara. Akanibana mkono. Hatua chache tena, na kati ya ule mkubwa na wa kulia ukajitokeza mwingine taratibu, kama mtu aliyekuwa amejificha mlangoni.

Hakuhesabu kwa sauti. Midomo ndiyo iliyokuwa ikienda.

"Kwenye ule wa nyuma kuna kitu chekundu kinatikisika," akasema mwishoni.

Kilikuwa kitambaa cha mirabamiraba cha Thoeun. Nilikuwa nimemwagiza akituona atupungie.

"Ndiye mwongo wako," nikamwambia.

"Mwambie ashuke. Anakanyaga vichwa vya wakubwa." Akalikinga jicho kwa kiganja, akatazama tena. "Hapana. Mwache amalize kwanza."

Thoeun aliposhuka, mikono imejaa utomvu, alipiga magoti mbele ya mama yake pale majanini.

"Mama, ni mingapi?"

"Usinipe mitihani mbele za watu," akamjibu. Akaishika mikono yake, akanusa kila kidole, kimoja kimoja. "Kule nyuma umebakiza jani."

Na mpwa wangu, mtu mzima mwenye watoto, akageuka kuutazama mnara kwa hofu ya kweli. Nilicheka mpaka mgeni mmoja akanipiga picha.

Jicho la pili la Yim nalo lilifunga masika yaliyofuata. Ukutani kwake kuna kalenda ya zamani yenye picha ya hekalu, ya minara mitatu kama zote. Alimwamuru mjukuu aongeze miwili kwa mkaa, naye akasimama kando akimwelekeza pa kuiweka, haoni kitu, na iko mahali pake sawasawa. Nimekwenda kuikagua mwenyewe. Majirani wakimletea habari za bendera huwaambia bendera ni kitambaa tu, nafasi haikutosha.

Kwingine, naambiwa na abiria wangu, ukifika unakuta picha ilizidisha. Yetu ilipunguza miwili. Muulizeni dada yangu, na mkitoka hapo mpite kwangu mnipongeze.