Simenti Katika Jiko la Mama

Nilizoea kuamshwa na kikohozi cha mama. Kilianzia jikoni, upande wa pili wa ua, kabla maji ya chai hayajachemka, na mimi nilikisikiliza nikiwa bado chini ya blanketi, kama mtu anayesikiliza pikipiki iliyogoma mlimani: itawaka, au ndiyo imezima. Kikikatika, nilishika pumzi. Nikisikia sufuria inagonga jiwe la meko, nilijua yupo, ndipo nilipoweka miguu chini. Niliishi hivyo muda mrefu, nikiogopa asubuhi kuliko usiku.

Jiko lenyewe lilikuwa kama majiko mengi ya zamani ya mtaa wetu huku Nyakasanza: kibanda cha miti na udongo nyuma ya nyumba, mlango wa kuinama, dirisha hakuna. Marehemu baba alilijenga tuliporudi kutoka ukimbizini, nikiwa mtoto. Masizi yalining'inia darini kama nyuzi, na hata mchana ukiingia ilibidi usimame kwanza macho yazoee giza. Humo ndimo mama alimobanika samaki walioletwa na wachuuzi kutoka Kasenyi, kando ya ziwa, akawauza sokoni, akanisomesha. Samaki walikwenda kwa watu, moshi ukabaki kifuani mwake.

Siku nilipompeleka kituo cha afya, muuguzi alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akamwambia avae, kisha akanivuta nje.

“Dada, mama akibakia mu ile moshi, kifua yake haitavuka hii sezoni ya mvua.”

Mvua zilikuwa zimeshaanza. Nilitazama tope la barabarani, nikaingia kumchukua mama.

Mimi ni mshonaji, na nina mdomo. Nikiogopa silii, nagomba. Jioni ile niligomba na kuni, na masizi, na mbwa wa jirani, mpaka mama akaniuliza kama nimekula pilipili. Sikumwambia alichosema muuguzi. Nilimwambia tu kwamba jiko limezeeka na linanitia aibu mbele ya wateja.

Zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa akina mama ambao kila mmoja huupokea kwa zamu yake, ilikuwa karibu. Nilikuwa nimeuwekea nia ya cherehani nyingine. Nikaiacha cherehani. Hata hivyo haikutosha kujenga jiko la watu wenye gari, na mtu hujikuna pale mkono wake unapofika. Nikapata matofali ya ukuta uliobomolewa kwa watu, tukayakwangua udongo mimi na mama uani. Mabati ya zamani tukayageuza na kuziba matundu kwa lami. Dirisha lilitoka kwenye duka lililofungwa, na kioo chake kimoja kilikuwa na ufa. Fundi, mtu ambaye ukoo wake ulihamia huku kutoka Butembo, alisema pipa la mafuta likipasuliwa na kukunjwa upya linatoa bomba la moshi refu kupita paa. Kile kibanda cha baba kikabomolewa, jipya likasimama pale pale, na simenti ndiyo pekee tuliyonunua mpya.

Niliitaka simenti sakafu nzima. Majivu yakifagiliwa kwenye udongo yalipanda hewani, na mama alikohoa mpaka akashika ukuta. Isitoshe, nasema ukweli, nilitaka kuwe na kitu kimoja jikoni mle ambacho mtu akikiona atasema ni kipya.

Mama hakubisha kuhusu ukuta wala dirisha. Alibisha kuhusu sakafu. Alinyoosha kidole pale mbele ya mdomo wa meko, majivu yanapokokotwa.

“Hapa, mama, achia mimi udongo yangu,” alisema. Kwetu mzazi humwita binti yake mama.

“Juu ya nini?” nikamuuliza sababu. “Vumbi pia inaingiaka mu kifua.”

“Udongo haijaniua.”

Nikaona ni ukaidi wa wazee, nikamwambia fundi apige yote, kutoka ukuta hadi ukuta. Mama alikaa kwenye kigoda chake mlangoni siku nzima, akiangalia mwiko wa fundi ukilainisha. Fundi alimwomba asikanyage kwanza, akimwita koko, yaani bibi.

“Koko, ikauke muzuri.”

“Iko muzuri, fundi,” mama alijibu. “Ni jiko ya batu benye kubakia.”

Jiko la watu wenye kubaki: nilidhani ni sifa. Nilikuwa nimeshaanza kuona moshi ukipanda ndani ya bomba na kutokea juu ya paa, mbali na pua ya mama, na kwa mara ya kwanza tangu kituo cha afya nilikula nikashiba.

Asubuhi ya kwanza ya jiko jipya niliamshwa na kikohozi kama kawaida, lakini kilitoka mahali pasipo pake. Nilitoka na kanga tu. Mama alikuwa nyuma, chini ya migomba, amepanga mawe matatu, anapuliza kuni mbichi katika manyunyu. Moshi ulikuwa umemzingira mpaka kichwani. Jiko jipya lilikuwa limefungwa na mlangoni pamefagiliwa.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema chai iko tayari.

Ikawa hivyo siku hiyo na siku zilizofuata. Nilimbembeleza. Niliyatupa mawe yake, akaokota mengine. Niliwasha moto mimi mwenyewe jikoni ili aone bomba linavyovuta. Akaja, akasimama mlangoni, akatazama, akarudi kwenye migomba yake. Kikohozi kikapata mluzi ndani yake, na mluzi ule ulinifuata mpaka kwenye cherehani. Nilikuwa nikishona mikono ya nguo juu chini, nikifumua, nikishona tena.

“Sikio la kufa halisikii dawa,” nilimwambia siku moja kwa hasira. Neno kufa lilinitoka kabla sijalizuia. Niliingia chumbani nikakaa kitandani, nikimwomba Mungu alifute.

Alasiri moja nilikuwa barazani kwenye duka ninaposhonea, nikasikia mlio wa risasi, kisha mingine, upande wa juu wa mji. Hakuna aliyeuliza ni nini. Wenye maduka walishusha milango. Pikipiki zikaanza kushuka mbio bila abiria, halafu watu wa miguu, mwanamke na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, mwanamume na godoro kichwani.

“Banakuya,” aliniambia yule wa godoro akipita. Nilimuuliza ni akina nani wanaokuja. Hakujua, na hakusimama.

Niliacha nguo ya mteja chini ya sindano nikakimbia. Nilikuwa na wazo moja tu, kwamba mama hawezi kukimbia, kwamba hata kufika msalani anapumzika njiani. Nilimwita kuanzia barabarani. Chumbani hakuwemo. Chini ya migomba hakuwemo, moto ulikuwa umezimwa kwa maji na mawe yalikuwa yanafuka mvuke.

Nilimkuta katika jiko jipya. Alikuwa amepiga magoti mbele ya meko, pale pale alipokuwa amenionyesha, ameshika kisu cha kumenyea mihogo, anakwaruza simenti. Pembeni yake kulikuwa na masufuria yote ya nyumba, lile kubwa la bugali likiwa chini na mengine yamo ndani yake, na juu kabisa mwiko wa kusongea uliokuwa wa mama yake. Kisu kilikuwa kimepinda. Sakafu ilikuwa na mikwaruzo myeupe tu. Alitaka kusema kitu akashindwa, kifua kilikuwa kinamtupa huku na huku.

Nilimshika mabega. Pumzi iliporudi, alinitazama.

“Nitaificha wapi?” aliniuliza. “Nje batu bataona. Mama, nitaificha wapi?”

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa mdogo sana, nimesimama mlangoni mwa jiko lililokuwapo kabla ya lile la baba, na mama anachimba ndani ya meko kwa mikono yote miwili, majivu yamempanda hadi usoni. Nje watu wanapiga kelele. Kisha barabara ndefu, na msitu, na njaa. Na siku tuliporudi: nyumba haina paa, mlango hakuna, hata misumari imeng'olewa. Mama anaingia moja kwa moja pale palipokuwa jikoni, anapiga magoti, anafukua. Sufuria inatoka. Jioni ile sisi tulipika uji, na majirani wakaja kwa zamu kuiazima, kwa sababu mtaa mzima hakukuwa na kingine cha kuchemshia maji. Ule uji nilikuwa nimeukumbuka maisha yangu yote. Shimo nilikuwa nimelisahau.

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi nilikuwa nimemtandikia mama simenti juu ya maficho yake.

Nilifunga mlango wa jiko kwa ndani, nikavuta masufuria mlangoni, kana kwamba sufuria inaweza kumzuia mtu. Tukakaa chini, mgongo wake kifuani mwangu. Niliogopa kila mguu uliopita nje. Niliogopa zaidi kikohozi chake, kwamba kitatusaliti, na nikajiona mwovu kwa kuogopa kitu hicho, kwa maana kilikuwa ndicho kinachonihakikishia yuko hai. Alijiziba mdomo kwa kanga. Kupitia kioo chenye ufa tuliona mwanga ukipungua ukutani.

Hawakuja. Jioni wale wale waliokuwa wameshuka walipanda na magodoro yao, polepole, wakicheka kwa aibu. Wakasema ni mlevi mmoja mwenye bunduki, kapiga hewani. Wengine walisema vingine. Mpaka leo sijui, na sikuuliza sana, kwa sababu jibu lolote lisingeniondolea ile sauti ya kisu kwenye simenti.

Kesho yake nilimwita fundi. Nikamwonyesha mikwaruzo, nikamwambia avunje hapo, mraba mmoja, upana wa sufuria kubwa na nafasi ya mikono.

Alinitazama. Ilikuwa kazi yake, na ilikuwa nzuri.

“Niweke nini pale?” aliuliza.

“Udongo.”

Akatazama mraba, akatazama meko, akamtazama mama kwenye kigoda. Akachukua nyundo. Alipomaliza alilainisha kingo za simenti zisimkate mtu mkono, na malipo ya siku ile alikataa. Mama alimpa ndizi.

Kabla vumbi halijatua, mama alikuwa ameshaingia na kuni zake. Aliwasha meko, akabandika sombe, yaani kisamvu, akafungua dirisha. Moshi ulipanda kwenye bomba la pipa kama fundi alivyoahidi. Nilisimama uani nikautazama ukitoka juu ya paa, nikalia, mimi nisiyelia. Tangu siku hiyo hajapika nje. Kikohozi kimepungua, mluzi umeondoka, na mvua zimeisha naye akiwa anazilalamikia.

Lakini kuna siku moja ya baadaye, mchana, jua likiwaka. Aliniita kutoka jikoni. Nilikuta amekokota majivu pembeni, udongo uko wazi, na jembe dogo limeegemezwa ukutani.

“Chimba,” aliniambia.

“Mama, hakuna kitu leo. Mji umetulia.”

“Ndiyo maana. Siku ingine hautakuwa na wakati ya kujifunza.”

Nikachimba. Yeye alikaa kwenye kigoda akanielekeza kwa sauti ile ile anayonifundishia kusonga bugali. Udongo nimwage juu ya gunia, usitawanyike. Sufuria kubwa nipindue, mdomo chini, maji yasiingie. Zile ndogo ndani yake. Juu udongo, nikanyage kwa kisigino, kisha majivu.

“Halafu unawasha moto kidogo juu yake,” alisema. “Batu bakiingia, baone ni majivu ya jana tu.”

“Siku ile weye utawasha moto,” nilimwambia, “na miye nitachimba. Itaenda mbio.”

Alikung'uta majivu kwenye kanga yake.

“Na hii kifua, mama? Miye nitakimbilia wapi? Ni weye utachimba, na ni weye utarudi kufukua. Miye nitabakia na jiko.”

Alilisema kama anavyosema chumvi imekwisha. Nilitaka kugomba. Nilitafuta mdomo wangu ule unaosemwa na wote mtaani, sikuupata. Meko yalikuwa yanawaka nyuma yangu na moshi ulikuwa unapanda vizuri. Yeye alikuwa anapumua bila mluzi; nilimsikia vizuri, pumzi kwa pumzi. Nikaingiza mkono shimoni kupima. Ukingo wake ulinifika chini kidogo ya kiwiko.

“Bado,” alisema. “Ongeza.”

Nikaongeza.