Kitambaa Chekundu cha Verna

"Harlan, bunduki yako iko jirani mno na maua yangu!" Verna alimfokea shemeji yake. "Na chupa yangu ya asali, umeimeza na kizibo?"

"Nitakulipa, shemeji. Wewe panga matembezi, mimi niwinde bata mzinga upande wangu."

Upande wake! Uzio unaotenganisha misitu yao ni waya tu. Kila majira ya machipuko, Verna, jirani yangu hapa Missouri, hukagua njia ya msituni kabla ya kuwapeleka watu kutazama maua. Asubuhi iliyofuata alipiga magoti kuona kama yamechanua. Ghafla akasikia bata mzinga jike akiita kichakani, karibu kabisa. Wawindaji huigiza sauti hiyo kumvuta dume, na dume hutambulika kwa kichwa chekundu. Verna alikuwa amejifunga kitambaa chekundu kichwani.

Hakuthubutu kuinuka.

"Harlan! Ni mimi!"

Kisha Harlan akatokea bila bunduki. "Shemeji, kidole kilishafika kwenye kifyatulio..."

"Usimalize." Verna alikivua kitambaa, akakikunjia kiganjani. "Matembezi nayahamishia ng'ambo ya mto. Na ile asali, sikudai tena."