Mama Alipokuwa Akinyamaza

Mama alifariki wakati wa baridi, binti yangu akiwa na mimba changa. Baada ya matanga nilitoka kijijini kwetu Ileje nikarudi Tunduma mpakani, nikakaa kwenye cherehani yangu na kuendelea kushona sare za shule. Wateja walisema nina moyo mgumu. Sikuwa nao. Nilikuwa sijui kitu kingine cha kufanya na mikono yangu.

Kilichonisumbua usingizini kilikuwa wimbo. Kwetu, kitovu cha mtoto kikishadondoka, bibi yake humtoa nje asubuhi kwa mara ya kwanza na kumwimbia mlangoni. Sijui kama ni desturi ya Wandali wote au ni ya ukoo wetu tu. Niliishia darasa la saba, na mambo haya hatukufundishwa, tuliyakuta. Wimbo wenyewe unamuuliza mtoto amepita wapi mpaka akafika, na kwa kuwa yeye hawezi kusema, wanawake waliosimama hapo humjibia. Mama aliwaimbia wanangu wote, na wa dada zangu, na wa majirani waliomwomba. Mimi siku zote nilikuwa upande wa kujibu. Majibu niliyajua. Maswali yana Kindali cha zamani, marefu, na sikuwahi kuyashika kwa sababu mwenye kuuliza alikuwepo.

Sasa bibi wa mtoto ajaye nilikuwa mimi.

Binti yangu ndiye aliyekumbuka kwamba vijana wa kanisa kule kijijini walikuwa na ukurasa mtandaoni, na kwamba siku moja walimkuta Mama uani akipukuchua maharage wakamwomba aimbe, wakamrusha laivu. Aliutafuta ukurasa, akateremka nao mpaka chini, akanipa simu. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake na ungo miguuni. Alikohoa kidogo, akaanza. Nilitazama kipande, nikarudisha simu, nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Tulimpigia kijana aliyekuwa anasimamia ukurasa ule. Alitusikiliza kwa adabu, akatupa pole, halafu akasema, "Tatizo, mama, simu yangu iliangukia mtoni, na paswedi ilikuwa humo humo. Siwezi kuingia tena. Halafu mtandao wenyewe umetangaza kwamba utazifuta video za laivu za zamani."

"Lini?"

"Hawakusema siku. Ukiikuta bado ipo, shukuru."

Kuitazama tuliweza, kuishusha hatukuweza. Binti yangu alijaribu kuirekodi na simu yake jinsi inavyopita kwenye kioo. Ikatoka picha tupu bila sauti, halafu simu ikasema imejaa. Basi nikafunga cherehani mchana, nikaenda steshenari ya karibu na barabara kuu, ile wanayopiga picha za pasipoti na kuchapa barua. Mwenye duka ni mtu wa Tabora, wa makamo, mcheshi, anayehariri pia video za kwaya na harusi. Nilimweleza ninachotaka bila kueleza kwa nini.

"Hiyo ndogo, mama," alisema. "Tunaifungua kwenye kompyuta, tunairekodi skrini na sauti yake. Kaa hapo."

Haikuwa ndogo. Mara ya kwanza alisahau kuchagua sauti, Mama akatoka akifungua mdomo kama samaki. Mara ya pili sauti ilikuwepo, lakini pamoja na sauti ya Mama ilikuwepo honi ya lori, na mtu aliyekuwa akibishana mlangoni na Mzambia juu ya chenji ya kwacha, na mwenye duka mwenyewe akisema, "Kidevu juu, dada, usicheke."

Alikuna kichwa, akanieleza jambo ambalo sasa hata mimi naweza kumweleza mtu. Kompyuta inapokea sauti kwa milango miwili. Kuna sauti inayotoka ndani yake, ile ya video, na kuna sauti ya maiki inayosikia chumba kizima. Ukitaka video peke yake, unafunga maiki na kuacha ya ndani. Akafunga. Mara ya tatu nilivaa hedifoni nikasikia Mama peke yake, safi, mpaka mbegu za maharage zikidondoka kwenye ungo.

"Njoo jioni," alisema. "Nataka niisafishe kidogo. Mtandao ulikuwa unakatakata."

Mimi sikuona palipokatika. Lakini yeye ndiye fundi, nikaenda.

Jioni nilirudi dukani akaniwekea kwenye simu, na nyumbani tukakaa watatu, mimi, binti yangu, na mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, aliyekuwa ameshuka kutoka Ileje kukaa nasi siku chache baada ya msiba. Mama mdogo ana maneno. Alipoona tumekaa kimya kama watu wanaosubiri mahubiri, akasema, "Haya, mwasheni dada yangu, tumuone alivyojipodoa."

Binti akabonyeza. Mama aliimba vizuri, sauti imenyooka. Wimbo ukaisha upesi sana. Nilihisi kama nimelishwa haraka na mtu aliyechoka, na sikujua kwa nini.

Mama mdogo alikuwa amekunja uso. "Dada alikuwa anakimbilia wapi?"

"Mwenye duka ameisafisha, bibi," binti yangu alisema.

"Ameisafisha nini? Mbona anauliza halafu hasubiri? Anauliza, anauliza, kama askari wa mpakani! Tangu lini dada yangu akauliza watu swali asiwape nafasi ya kujibu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Siku ile vijana walipomkuta, wanawake wote walikuwa shambani. Mama aliimba peke yake, lakini aliimba kama anavyoimba siku zote. Akiuliza, ananyamaza. Anageuza uso kidogo kushoto, upande ambao wanawake wangesimama, anatulia mpaka jibu lao liishe, ndipo anaendelea. Yule mtu wa Tabora alimwona mama mtu mzima ametulia, hasemi, hatikisiki, akadhani ni mtandao. Akazitoa zile nafasi zote.

Sikulala vizuri. Nilikuwa na wasiwasi kwamba ile aliyoirekodi kwanza ameshaifuta, na kwamba mtandaoni nako wameshafuta.

Asubuhi nilikwenda na mama mdogo, kwa sababu alikataa kubaki. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Tulikaa kwenye benchi la nje, ukungu bado umelala juu ya malori yaliyopanga foleni ya kuvuka, na mwenye duka akasimama mbele yetu na kikombe cha chai.

"Ile ya kwanza niliifuta, mama," alisema nilipomweleza. "Nisamehe. Kuna kitufe, ukibonyeza kinatafuta ukimya wote na kuuondoa. Wateja wanapenda hivyo. Wa harusi wananiambia, toa pale watu wameduwaa."

"Sisi hatukuduwaa," mama mdogo akasema. "Sisi ndio tulikuwa tunajibu."

"Lakini hamkuwepo, bibi."

"Yeye alijua hatupo? Muulize! Si unayo mashine?"

Mwenye duka alicheka, na mimi nikacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu msiba, na nilishtuka nikakaa vizuri kama mtu aliyeonekana.

Umeme ulirudi jua likishapanda. Alifungua ukurasa. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, na nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Kisha uani petu pakatokea, na kigoda, na Mama. Bado alikuwepo.

"Sasa nisiguse kitu?" mwenye duka aliuliza.

"Usiguse. Hata akipiga chafya, iache."

Akafunga maiki, akanionyesha kwa kidole kwamba imefungwa, akaanza kurekodi. Aliacha spika wazi kidogo ili tusikie. Mama akauliza swali la kwanza, akanyamaza, akageuza uso kushoto. Na mama mdogo, pale pale katikati ya duka, mbele ya wanafunzi waliokuja kutoa kopi na dereva aliyeshika karatasi zake, akajibu. Kwa sauti yote. Mwenye duka aliinua mikono kumzuia, akakumbuka kwamba maiki imefungwa, akaishusha. Mama akaendelea, akanyamaza tena. Mara hii nilijibu na mimi. Sauti yangu ilitoka na kutu, lakini ilitoka.

Wimbo ulipoisha dereva aliuliza ni kwaya ya kanisa gani.

Mwenye duka aliisikiliza rekodi kwenye hedifoni, akatikisa kichwa. "Ninyi hamumo. Yumo yeye tu, na nafasi zake." Akatuwekea kwenye flashi na kwenye simu zetu zote mbili, na akabakiza nyingine kwenye kompyuta yake. "Hii siifuti," alisema.

Miezi iliyofuata niliicheza kila siku nikishona. Simu niliiegesha kwenye kikopo cha vifungo. Mwanzoni nilijibu tu, kama nilivyozoea. Baadaye nikawa natangulia neno moja, mawili. Palipokuwa na Kindali nisichokijua nilimpigia mama mdogo, ambaye alikuwa amerudi kwao kupanda mahindi, naye alinieleza kwa kelele kama mtu anayedhani simu ni bomba. Sikuwa najifunza kuimba. Nilikuwa nataka tu kuwa karibu na ile sauti, na kuijua pumzi inapokatwa. Kuna siku nililia mpaka nikashona mfuko wa shati upande wa mgongo. Kuna siku sikulia kabisa, na hiyo nayo iliniogopesha.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua, wa kike, mzima, mwenye hasira. Mama mdogo akashuka tena. Kitovu kilipodondoka, tulipanga asubuhi, na wakaja wanawake wa mtaani kwetu. Tunduma si kijijini. Huyu alikuwa Mnyiha wa Isansa, huyu Mnamwanga, huyu ametoka Chitete, na jirani wa nyuma, mama wa Kiislamu, familia yake ni wafugaji kutoka bonde la Momba. Niliwafundisha jibu la kwanza na la mwisho. Ya katikati niliwaambia watamfuata mama mdogo.

Binti yangu alisimama mlangoni na mtoto amefunikwa khanga. Niliunganisha simu na spika, nikaiweka dirishani, nikabonyeza. Nilikuwa nimeridhika. Mtoto atasikia sauti ile ile aliyoisikia mama yake, na mimi nitasimama upande wangu.

Mama akauliza: nani huyu amekuja? Akanyamaza. Wanawake wakatazamana, wakajibu kwa kuchelewa, wengine wakicheka. Kabla hawajamaliza, Mama alikuwa ameshaingia swali la pili. Wakakatisha, wakajaribu kumkimbiza, wakamkuta yuko la tatu. Nafasi alizoziacha zilikuwa za wanawake wa uani kwake, wanaojua. Hakuwajua hawa. Mtoto akaanza kulia.

"Mrudishe nyuma!" mmoja alisema.

Nikarudisha. Ikawa vile vile.

Mama mdogo alinitazama. "Dada hawezi kuwasubiri," alisema, taratibu kuliko kawaida yake. "Zima, mwanangu. Uliza wewe."

"Siwezi."

"Nimekusikia jana jikoni, unaosha vyombo. Zima."

Nilizima. Uani pakawa kimya, isipokuwa mtoto. Nilikohoa kidogo, nikauliza: nani huyu amekuja? Halafu nikanyamaza, na nikawatazama. Wakajibu, mgeni wetu, kila mmoja kwa lafudhi yake, na nikawasubiri mpaka wa mwisho akamaliza. Nikauliza amepita wapi. Jibu la pale ni jina la mlima wa kwetu, lakini mama mdogo alikuwa amebanwa na machozi, hakutangulia, na wanawake wakabaki bila wa kumfuata. Mama wa Isansa akaona aibu ya ule ukimya, akasema, "Amepita Isansa!"

"Isansa afuate nini?" mama mdogo akafoka huku anajifuta.

"Si kahawa!"

"Amepita Chitete," mwingine akadakia, "ndiyo maana amechelewa, barabara mbovu!" Wakacheka wote, na jirani yangu wa nyuma akasema kwa sauti ndogo kwamba kwao mtoto angepita kwanza zizini akawaone ng'ombe.

Sikujua kama ni halali. Nilimtazama mama mdogo, akainua mabega. Basi nikaendelea kuuliza, swali baada ya swali, kwa maneno ya Mama kama alivyoyasema, na kila walipotaja mahali niliwasubiri. Nilikosea mstari mmoja, nikaurudia. Mtoto alikuwa amenyamaza. Binti yangu alifunua khanga kidogo ili apate mwanga, naye akakunja macho kwa jua, akapiga miayo.

"Kachoka," mama wa Chitete alisema. "Ametembea sana huyu."

Nikauliza swali la mwisho, lile linalouliza kama amefika. Wakanijibu kwa pamoja kwamba amefika.