Masahihisho ya Bwana Tarehe

Kituo cha redio kilikuwa ghorofani, juu ya duka la mikate: chumba kimoja ambacho kuta zake zilibandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Kila asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, feni ilizimwa isije ikavuma kwenye kipaza sauti, na Bwana Tarehe akaketi kwenye kiti alichokatazwa kujitingisha juu yake kwa sababu kilikuwa kinalia. Joto la tanuri lilipanda kutoka chini, jasho likamtiririka hadi kwenye nyusi. Hata hivyo ungemuuliza, angekuambia hakuna mahali anapopapenda kama pale, na angekuambia kwa ile sauti yake nzito ambayo wanawake wa mtaani walisema imepotea njia ikaingia kwa mtu mwembamba kama ufito.

Kipindi chake kiliitwa Siku Kama ya Leo. Vituo vikubwa navyo vina vipindi vya namna hiyo: vita gani vilianza, mfalme gani alivuliwa taji, nani alizaliwa na nani alifariki. Bwana Tarehe aliyataja ya dunia mawili matatu, haraka haraka, kama mwenye nyumba anayesalimia wapita njia, kisha akaingia kwenye ya nyumbani, na hapo ndipo watu waliposogeza viti. Siku kama ya leo tangi la maji la soko lilipasuka, na kwa mara ya kwanza mboga za soko letu ziliuzwa zikiwa safi. Siku kama ya leo kinyozi wa njia panda alifungua duka lake, na mteja wake wa kwanza bado anatuonyesha kovu sikioni. Siku kama ya leo alizaliwa fundi viatu. Siku kama ya leo alifariki mama yake mwalimu mkuu, aliyekuwa hodari wa kufuma. Wapo waliosimama na mswaki mdomoni, povu likiwadondoka, wasikie kama watatajwa.

Jina lenyewe alilipata ujanani, alipokuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji. Mwaka mmoja alipewa kalenda ya ukutani aipange, na mwezi wa sita akautunuku siku thelathini na moja. Kalenda ikachapwa, ikauzwa, ikatundikwa majumbani na maofisini. Seremala mmoja akashikilia kwamba siku ile ya ziada si ya mwajiri wala si ya serikali, ni yake, na akalala hadi mchana. Bosi wa kiwanda alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwambia kijana wake, "Wewe, Bwana Tarehe, zitakuua hizo!" Jina likamganda kama gundi.

Tangu hapo akawa mtu wa kushika tarehe kwa mikono miwili. Akikosea redioni, kesho yake alianza na masahihisho hata kabla ya kusalimia. "Jana nilisema mzee wa gereji alioa mwezi wa tatu. Si kweli, alioa mwezi wa nne. Wa tatu alikataliwa. Samahani kwake na kwa mama watoto." Wapo waliosema masahihisho yake ni matamu kuliko kipindi chenyewe, na mimi ni mmoja wao.

Na alikuwa na sharti moja ambalo fundi mitambo wa kituo alilijua kama jina lake: siku haiachwi na wafu peke yao. Tarehe ikitokea kuwa na misiba mitupu, Bwana Tarehe hakukubali kuisoma hivyo. Aliuliza kwa kinyozi, aliuliza kwa muuza magazeti, akishindwa alimpigia simu mkunga mstaafu, mama aliyezalisha nusu ya mji, mpaka apatikane mtu aliyezaliwa siku hiyo. Kuna asubuhi moja mkunga alikumbuka weee, asipate mtu. Mwisho akasema, "Sina mtoto wa siku hiyo, lakini mbuzi wangu ndiyo anajifungua sasa hivi, namsikia." Bwana Tarehe akasoma vifo vyote kwa heshima zake, kisha akatangaza kwa sauti ile ile nzito kwamba leo amezaliwa mwanambuzi wa mkunga, mama na mtoto wanaendelea vizuri. Waliofiwa ndio walikuwa wa kwanza kupiga simu kushukuru.

Lakini waliosema mganga hajigangi hawakukosea. Huyu mtu aliyekuwa akigawa siku za kuzaliwa hata kwa mbuzi, nyumbani kwake alikuwa amemnyima binti yake siku.

Ilikuwa hivi. Mama yake Bwana Tarehe aliugua sana wakati ule ule mkewe alipokuwa mjamzito, na ikasadifu wote wawili wakawa hospitali moja: mama ghorofa ya juu, mke wodi ya wazazi, chini. Dada yake mkubwa ndiye aliyekaa na mama. Bwana Tarehe mwenyewe alipanda na kushuka ngazi mpaka magoti yakamlegea. Asubuhi moja, akiwa chini amempakata binti yake wa kwanza, anacheka peke yake kama aliyeokota kitu njiani, aliinua macho akamwona dada yake amesimama mlangoni. Hakuambiwa neno. Alielewa.

Mwaka uliofuata, siku ilipofika, familia ilikusanyika nyumbani kwa dada kumwombea marehemu, na hakuna aliyethubutu kukata keki. "Yako kesho, mwanangu," baba alimwambia mtoto, na kesho yake mkewe akaoka keki. Mwaka wa pili ikawa vivyo hivyo, na wa tatu, mpaka ikawa desturi. Mabinamu wakambandika mtoto jina la Kesho, akakua nalo, akaenda nalo kazini kwenye duka la dawa. Hata redioni, kila mwaka Bwana Tarehe alisoma kifo cha mama yake siku yake, na kuzaliwa kwa binti yake siku ya pili. Mji mzima ukaamini. Kesho mwenyewe alijua ukweli, hakufichwa, ila alizoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana kidogo.

Akazoea mpaka alipochumbiwa. Mchumba wake alikuwa fundi bomba, kijana mkimya ambaye ukimuuliza habari anafikiri kwanza. Walipokaa sebuleni kupanga siku ya harusi, Bwana Tarehe na mkewe, na yule dada yake, ambaye kwa Kesho ndiye shangazi, binti aliitaja siku yake. Ile ya kweli.

Shangazi akaweka kikombe chini. Alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni, mwanamke aliyezoea kuamrisha masufuria makubwa na watu wakubwa.

"Mwaka mzima, mwanangu, hukuona siku nyingine?"

"Nimeziona, shangazi. Ila hazikuwa zangu."

"Siku hiyo ni ya mama."

"Ni ya bibi, na yangu pia."

"Siku hiyo mimi nilimfumba mama yangu macho, kwa mkono wangu huu. Mkitaka kupiga vigelegele siku hiyo, haya, pigeni. Mimi msinihesabu." Akachukua mkoba wake akatoka, na fundi bomba, aliyekuwa bado anafikiri, akabaki amenyoosha mkono wa kuagana.

Kesho akalia jikoni. Shangazi huyu hakuwa shangazi wa kuja na kuondoka. Mama yake Kesho alipokuwa akifanya kazi za zamu, yeye ndiye aliyemlea, akamfundisha kupika na kugombana. Kuolewa shangazi hayupo, kwake yeye, kulikuwa sawa na kutoolewa. Na kuiacha siku ile kwa mara nyingine, safari hii mbele ya mume, hakutaka.

Bwana Tarehe alimfuata jikoni, akashika hiki, akashika kile, akafuta meza isiyo na uchafu. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa, "Si tutafute tu siku nyingine, mama? Hata ile ya kesho yake."

Kesho akamtazama, machozi yamemlowesha kidevu, na kicheko kikamtoka.

"Baba! Hata harusi?"

"Nilikuwa nasema tu..."

"Baba, wewe si ndiye unayesema siku haiachwi na wafu peke yao? Umemsumbua mkunga wa watu kwa ajili ya wafu usiowajua. Ukawatafutia mpaka mbuzi. Mimi nilikuwepo siku ile ile, jengo lile lile. Ukanichukua ukanipeleka siku ya pili, na bibi ukamwacha peke yake."

Bwana Tarehe akarudi kufuta meza ile ile. Mkewe, aliyekuwa anamenya viazi kimya kimya, akasema bila kuinua kichwa, "Mtoto amekujibu."

Asubuhi iliyofuata feni ilizimwa kama kawaida. Fundi mitambo akamwonyesha kidole kupitia kioo, taa nyekundu ikawaka, na Bwana Tarehe akaanza bila salamu, kwa hiyo watu wakajua kuna masahihisho, wakaongeza sauti.

"Leo masahihisho yangu ni ya zamani kidogo," alisema. "Miaka yote hii nimewatangazia kwamba binti yangu alizaliwa siku moja baada ya kufariki mama yangu. Si kweli. Alizaliwa siku ile ile. Nilimsogeza mimi. Nyumbani walidhani ni heshima kwa marehemu, na mimi niliwaacha wadhani hivyo. Haikuwa heshima, niliona haya. Mama yangu alikuwa anakata roho juu, na mimi mwanawe nilikuwa chini nacheka. Nikaona bora vicheko vile vihamie siku nyingine. Namwomba binti yangu radhi. Mama pia namwomba."

Akakohoa, akatafuta maji. Hapo simu ya wasikilizaji ikawaka taa. Fundi mitambo akaipokea, akasikiliza, akainua macho ameyatoa kama aliyeona nyoka, akatamka polepole nyuma ya kioo ili midomo yake isomeke: da-da-ko.

Bwana Tarehe angeweza kutikisa kichwa, wimbo ukapigwa, mambo yakaisha. Dada yake hakuwa mtu wa kuogopa masikio ya watu, na ulimi hauna mfupa. Lakini alishasema mengi asubuhi ile, akaona hakuna tena cha kuficha. Akapiga moyo konde, akaitikia kwa kichwa.

"Umemaliza?" Ilikuwa sauti ya shangazi, na nyuma yake masufuria ya shule yakigongana.

"Nimemaliza, dada."

"Basi na mimi nina masahihisho yangu."

Mjini watu walisimama na vikombe mikononi. Chini, kwenye duka la mikate, muuzaji alimwambia mteja angoje.

"Unavyosema," aliendelea shangazi, "ni kama mama alikwenda hajui. Alijua. Muuguzi alipanda akatuambia, ni mtoto wa kike. Mama alikuwa hajatamka neno siku kadhaa, wewe mwenyewe unajua, hata maji tulimdondoshea. Akafungua macho. Akauliza, 'Ana nywele?' Mimi mtoto sikuwa nimemwona, lakini nikamjibu tu, 'Tele, mama.' Akacheka. Si kwa sauti, lakini alicheka, nilimwona. Na ndiyo ikawa mwisho."

Bwana Tarehe alishika ukingo wa meza. "Dada. Mbona hukusema?"

"Niseme nini?" Sauti ikatetemeka, kisha ikakaza. "Nilimuuguza mimi. Nilimlisha mimi, nilimgeuza mimi, nililala sakafuni. Nilikuwa nangoja neno langu. Neno lenyewe lilipokuja, likaenda kwa kichanga ambacho hata jina hakina. Liliniuma. Nikashuka kukuambia, nikakukuta unacheka vile vile alivyokuwa anacheka mama, mdomo ule ule umekwenda upande. Nikashindwa. Nikasema hili nitabaki nalo mimi, angalau hili liwe langu."

Kwenye redio mia kadhaa mjini palikuwa kimya kama maji mtungini, na fundi mitambo, ambaye kazi yake nzima ilikuwa kuzuia kimya kama hicho, aliondoa mkono kwenye vitufe akajifuta pua. Kwenye duka la dawa Kesho alikuwa ameegemea kabati la dawa za kikohozi, wateja wakijifanya wanasoma maandishi ya chupa.

"Upo?" akauliza shangazi.

"Nipo."

"Usilie, watu wanakusikia. Sikiliza. Mwambie mwanangu harusi ni siku yake. Na asithubutu kwenda kwa msusi. Zile nywele nitazisuka mimi."