Moto ya Samaki mu Jiko ya Mama

"Hapana, mama, mambo ya muzungu haiko ndani. Mi nasema ukaushe samaki inje, juu ya kambo."

Kambo yangu, mama mwenye alizaa mama, alikuwa analala mu jiko yetu, karibu na utala, ile kitanda ya miti ya kukaushia samaki na moshi. Majani ya nyumba ilikuwa chini sana, ukinyoosha mukono unaigusa. Na miguu ya kambo ilikuwa imekufa. Moto ikipanda, nani atamutosha inje?

Mama alikuwa anageuza samaki tu. "Ukikausha inje, Nchelenge yote inaona bwato ya baba yako ilileta nini. Mangaribi bandugu beko pa mulango na masahani. Utabasomea kitabu?"

Kwetu pa ziwa banamuke bote balikuwa banaficha samaki vile, chini ya majani. Nilijua, na hasira haikupunguka.

Ile asubuhi profesa mumoja muzungu alikuwa amekuya pa boma kufundisha bantu juu ya moto. Mi nilikuwa natafsiri, juu nilisoma sekondari. Alikuwa muzee wa mvi, bila kiburi. Alisema alianza kazi kwa kuchora milango ya kukimbia moto mu migoti ya kuchimba shaba, kisha akafundisha bainjinia myaka mingi mu iniversite, paka akachoka kufundisha bantu benye habalali karibu na moto. Njo akaanza kuzunguka mu mavillage.

Lakini mu ile nyumba ya boma mulikuwa banaume tu. Akauliza, "Hapa nani analinda moto ya samaki?"

"Sisi," mumoja akajibu, benzake bakacheka. Alikuwa baba yangu. Baba, mwenye hajatia hata kijiti mu moto tangu nimujue. Na mi nikatafsiri "sisi" na sauti muzuri, kama mujinga. Profesa akabafundisha saa mbili nzima: toa majani juu ya moto, weka muchanga karibu, mafuta ikiwaka usimwage maji. Bakapiga mikono, bakaenda kunywa.

Sasa, wakati mama eko ananicheka, mafuta ya samaki ikadondoka, moto ikaruka. Mama akakamata kikombe ya maji. Nikashika mukono yake kwa nguvu, maji ikamwagika ku miguu yetu, nikatupa majivu mu moto na mikono mbili. Ikalala. Juu yetu majani mbili tatu ilikuwa nyeusi.

"Muache kelele," kambo akasema mu blanketi yake. "Mi sijaiva bado."

Mama hakucheka. "Nani alikufundisha kukataza maji?"

"Balifundisha banaume leo. Baba alikaa mbele kabisa."

"Baba yako alikuya kula hapa. Hakusema kitu."

"Basi ndiyo vile."

Akaangalia majani, akaangalia kambo. Kisha akaanza tena kugeuza samaki, juu ingeungua. Sikumukasirikia yeye tena. Nilikasirikia ile "sisi", na mudomo yangu yenye iliipeleka.

Nikakata neno: kesho asubuhi, mbele ya gari ya profesa kuondoka, naenda pa boma kumuambia nilimutafsiria uongo, na namuleta huku mu jiko, afundishe mama na banamuke bengine, hata baba akipata haya.