Kumtafutia Mholanzi Kicheko

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ng'ombe wa plastiki na mzungu aliyekataa kusimama karibu naye. Sikuwa nimeomba kazi yoyote. Nilikuja Guangzhou kama wenzangu wote wa Dar, kununua nguo soko la Shahe na kuzituma nyumbani, na asubuhi hiyo nilikuwa kwenye jengo moja la maduka, barabara ya Guangyuan Xilu, nikivutana na muuzaji juu ya bei ya magauni. Meneja wa jengo akaja mbio akanishika mkono. Ghorofa ya juu kulikuwa na duka jipya la vitu vya watoto, watu wameshajaa, utepe umeshafungwa, na mgeni rasmi kajifungia chooni.

"Wewe Kiingereza unakijua," aliniambia. "Mtoe."

Nilimtoa, kwa kumgongea mlango na kumsema kama ninavyowasema wanangu. Alitoka mtu mrefu, amevaa ovaroli na viatu vya mbao, uso umemwiva kwa hasira. Jina lake Harmen, kutoka Uholanzi. Huko kwao alikuwa mchekeshaji na mwigizaji, tena si wa kubabaisha: alikuwa akisimama peke yake jukwaani na kuwasema wakubwa mbele ya watu, na wakubwa wenyewe wananunua tiketi waje kusemwa. Guangzhou aliletwa kupiga tangazo la maziwa ya unga, akiigiza mfugaji. Picha yake ikabandikwa kwenye makopo, na tangu hapo hakuna aliyemwita kwa kazi nyingine isipokuwa ufugaji.

"Mama," aliniambia, "mimi sijawahi kukamua ng'ombe maishani mwangu."

"Na huyu hakamuliwi," nilimjibu. "Ni wa plastiki. Njoo ukate utepe, mimi nina magauni yananingoja."

Alikata utepe. Meneja akanipa namba yake, wiki iliyofuata akanipigia akitaka mzungu mwingine, na hivyo ndivyo nilivyoacha biashara ya nguo nikawa wakala wa wasanii wa kigeni. Vijana mnaonitumia ujumbe kuuliza kazi hii inaanzaje, inaanzia chooni.

Nieleze kidogo kazi ilivyokuwa. Mteja hakuomba kipaji, aliomba sura. Kiwanda cha dawa ya meno kinataka sura ya daktari, muuza vigae anataka sura ya mhandisi, harusi ya kitajiri inataka sura ya mpiga fidla, na fidla yenyewe haina nyuzi. Wakala unaweka picha za watu wako kwenye simu, mteja anapitisha kidole, na kwa asiyempenda anasema "bu yao", yaani hataki, kama anakataa nyanya. Mkenya mmoja niliyekuwa naye alipokea bu yao kwa moyo mweupe na kwenda zake kunywa chai. Harmen kila bu yao aliigeuza kuwa mjadala. Alitaka kujua hawakutaka nini hasa, pua au nywele.

Shida yake ilikuwa moja, na ndiyo iliyonizeesha. Alitaka kuchekesha kwa maneno yake mwenyewe. Kichina alikuwa anakijua kuliko mimi, maana changu ni cha sokoni, nacho kinaishia kwenye bei. Hata Kiswahili alikuwa ameokota maneno mawili matatu kwangu. Nyumbani alikuwa na onyesho zima alilolitunga kwa Kichina, la saa nzima, na alikuwa akilirudia mbele ya kioo. Kila kazi niliyomtafutia, yeye aliiona kama mlango wa kuliingizia onyesho lake. Mimi nilichoona ni mkate wetu.

Chukua karamu ya kiwanda cha mabomba. Hapa viwanda hufanya karamu ya mwisho wa mwaka, wafanyakazi wote wanakaa kwenye meza za duara, wanakula, zinachezwa bahati nasibu, na laoban, yaani bosi mkubwa, anahutubia. Harmen alikodiwa awe mshereheshaji: ataje zawadi, ampongeze laoban, basi. Nilimsihi ndani ya gari njia nzima. Akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti, akaanza kuiga hotuba ya laoban iliyokuwa imekwisha punde, na jinsi ilivyokuwa ndefu mpaka samaki mezani akarudi baharini. Aliiga vizuri, sitamnyima haki yake. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamtazama laoban. Kwenye karamu ya namna ile hakuna anayecheka mpaka bosi acheke, na bosi alikuwa anakunywa chai polepole. Ukimya ule nausikia hata leo.

Tulipokuwa tunaondoka laoban alinipa mkono kwa adabu zote. "Rafiki yako ni mtu mzuri," alisema. "Mwakani usimlete."

Ndani ya gari Harmen akaniambia kosa lilikuwa langu, kwamba nilikaa mbali na jukwaa na sikucheka. Nilimwambia asimamishe gari nishuke. Hakusimamisha, kwa sababu dereva nilikuwa mimi.

Nikampeleka kwenye tamthilia. Huko nilidhani tutapumzika, kwa kuwa maneno yameshaandikwa. Alipewa nafasi ya nahodha mbaya wa kigeni anayepigwa risasi karibu na mwisho. Harmen hakuridhika kufa. Alianguka, akafumbua jicho moja, akaweka kofia vizuri, akafumba tena. Mwongozaji wa tamthilia alikuwa mzee mkali, hapandishi sauti, akaniita pembeni. "Mwambie rafiki yako," alisema, "maiti haivai kofia." Walirudia mpaka jua likaondoka kwenye dirisha walilokuwa wanalihitaji. Na tamthilia ilipotoka, tulikuta wametia sauti. Kutia sauti ni kumchukua mtu mwingine studio aseme maneno yako badala yako, na hapa ni jambo la kawaida kabisa, hata kwa waigizaji wao. Nahodha wetu alitoka na sauti nzito ya mtu wa kaskazini. Harmen aliitazama sehemu yake yote kwenye simu yangu, kwenye mgahawa, mkate wake wa jibini haujaguswa.

"Hata kelele za kufa si zangu," alisema.

Nilimhurumia, na nilikasirika kwamba ananifanya nimhurumie, kwa sababu kesho yake alikuwa na kazi ya mfalme kwenye ufunguzi wa duka la vitanda na nilijua ataiharibu. Aliiharibu. Hivyo ndivyo tulivyoishi, miaka baada ya miaka. Wateja wakimfukuza, mimi nikitafuta wengine, mpaka zikaja video fupi za kwenye simu, na vijana wa kigeni wenye Kichina kizuri wakawa wanachekesha mamilioni kwa kula pilipili tu. Harmen aliwatazama kama mtu anayetazama mbuzi wakila kitabu chake.

Kisha moyo wake ukaanza kumsumbua. Daktari akamshauri arudi kwao, dada yake akamwandalia chumba, tiketi ikakatwa. Alikuja kwangu akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaniambia kuna jambo moja tu anataka kabla hajaondoka: afanye onyesho lake, mara moja, mbele ya watu wa kweli, wasikie maneno yake wacheke. Asipolifanya atakuwa ameishi Guangzhou miaka yote hiyo kama picha ya kwenye kopo. Alisema hivyo bila kuchekesha, na mimi, nilivyokuwa nimemchoka, nikakubali.

Wachina wa kuja kumsikiliza mchekeshaji mzee aliyefukuzwa kila mahali ningewatoa wapi? Nilikusanya niliowajua. Tulipewa mgahawa wa Mtanzania mwenzetu mchana wa Jumapili. Walikuja wafanyabiashara wa Dar na Unguja, Wakongo kadhaa, na Wachina wetu: wenye maduka tunakonunua, wabeba mizigo, mama mwenye nyumba yangu. Mbele kabisa alikaa Mzee Kasanda, Mnyamwezi wa Tabora, msafirishaji wa siku nyingi, ambaye Watanzania wote wa hapa walimchukulia kama baba. Hata Wachina wanamwita laoban. Harmen atasema Kichina, mimi nitafasiri Kiswahili.

Asubuhi yake nilikuwa nimelisoma onyesho. Ndani yake kulikuwa na kichekesho juu ya Mzee Kasanda, kwamba ni mbahili wa nafasi, na siku akifa atataka asafirishwe ndani ya kontena lake mwenyewe, katikati ya mizigo, nafasi isipotee. Nikamwambia akiondoe. Nilimweleza kwamba kwetu huwezi kumtajia mtu mzima kifo chake mbele ya watu. Huo ni uchuro, ni kama kumwombea afe. Na Wachina nao hawapendi, nikamkumbusha. Harmen akaitikia kwa kichwa, akasema atakiondoa.

Hakukiondoa. Kwanza alianza na mambo ya maziwa, Wachina wakatabasamu kwa adabu, watu wetu wakatazama simu. Nilimwona jasho likimtoka kwenye nywele. Halafu akamgeukia Mzee Kasanda, na nikajua kabla hajafungua mdomo. Akasema yote, kifo, kontena, mizigo. Mama mwenye nyumba yangu akashika mdomo. Wabeba mizigo wakatazama chini, kisha wote wakamtazama laoban Kasanda, naye akanitazama mimi, akingoja nimwambie amesemwa nini.

Nilikuwa na nafasi ya kupaka asali. Ningeweza kusema mgeni anakutakia safari njema. Harmen alikuwa amesimama pembeni yangu, mikono imetulia, macho yananisihi. Basi nikakumbuka mimi ni Mzaramo. Sisi na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu zetu, na mtani hana mpaka: ana ruhusa ya kukutukana, kukuzika ukiwa hai, hata kuzuia maiti yako isitoke mpaka apewe chake, na wewe huruhusiwi kununa. Neno lile kinywani mwa Harmen lilikuwa uchuro. Kinywani mwangu lilikuwa haki yangu.

"Wewe Mnyamwezi," nikasema, "kwa ubahili wako, siku ukifa hatukupandishi ndege. Tunakutia kwenye kontena pale bandari ya Huangpu, katikati ya vitenge, miguu juu, nafasi isipotee. Na ajenti akiuliza, tunamwambia ni mpagazi kasinzia!"

Mgahawa ulilipuka. Mzee Kasanda alipiga meza kwa mikono miwili. "Mzaramo wewe!" akapaza sauti. "Wewe kontena lako litajaa ngoma tupu! Meli itaondoka, wewe bado unakata kiuno bandarini! Mashamba yote mmeuza, mkacheza mwali, leo unanifundisha kufunga mzigo?"

Watu walikuwa wanafuta machozi. Wachina walipoona laoban anacheka hivyo, nao wakacheka, kwanza wabeba mizigo, kisha wenye maduka, kisha mama mwenye nyumba yangu. Harmen alisimama wima kama aliyetuliwa mzigo. Akaendelea. Alimsema kila mtu, na kila alichosema nilikitia kinywani mwangu nikakirusha kwa Mzee Kasanda na kwa Wanyamwezi na Wasukuma wote waliokuwamo, nao wakanirudishia. Lile onyesho lilifika mwisho. Watu walisimama. Harmen aliinama kwa heshima, akakaa hivyo muda mrefu, na nilipomtazama nikaona analia.

Tulipokuwa tunakusanya viti Mzee Kasanda alinijia. "Mtani wangu, leo umeniua," alisema. "Ila mzungu wako sikumwelewa hata neno. Kichina changu ni mei you, hakipo. Mimi nilikuwa nakujibu wewe."

"Usimwambie," nikamwambia.

"Nimwambie ili iweje?"

Na mimi sikumwambia. Njia nzima ya uwanja wa ndege alinielezea walivyocheka, wapi walichekea zaidi, na kwamba alijua siku zote kontena litafanya kazi. Mimi ambaye sijawahi kumficha mtu neno niliuma ulimi mpaka mlango wa abiria. Alinikumbatia, akapita.

Sasa nimestaafu. Niko Dar, Mbagala, na vijana wananipigia kutaka niwaunganishe na mawakala wa huko. Nawaambia kazi hii ni ya kuchosha na haina shukrani. Unamtafutia mtu sura, nguo, teksi, na neno la kusema, na mwisho wa siku anakulaumu kwamba hukucheka. Nawaambia wasiifanye, na hawasikii.

Wiki iliyopita Harmen alinipigia kutoka kwa dada yake. Tuliongea habari za moyo wake na magoti yangu. Kisha akasema, kama anayetaja hali ya hewa, "Siku ile walikuwa wanakucheka wewe."

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Nilijua tangu kicheko cha kwanza," alisema. "Kilikuja upande wako. Mama Zena, mimi ni mchekeshaji. Ndicho kitu pekee ninachokijua."

"Basi kwa nini uliendelea? Na ulilia nini pale?"

"Walikuwa wanacheka maneno yangu. Ulitaka ninyamaze?"

Nilimkatia simu. Nilikuwa nimeitunza siri ile kwa shida, nimeibeba uwanja wa ndege, nimekuja nayo mpaka Mbagala, kumbe mwenyewe alikuwa nayo. Nilizunguka uani nikiongea peke yangu, mpaka jirani akauliza kulikoni. Kisha nikampigia tena, kwa sababu kulikuwa na jambo sikuuliza, na nilijua nisipouliza sitalala.

"Niambie," nikasema. "Nilikuwa mzuri?"

Alifikiri kwanza, yule mtu. Nilisikia anafikiri.

"Mzuri," alisema. "Lakini neno la mwisho unaliharakisha. Ukisema miguu juu, nyamaza. Waache."