Fimbo za Gofu Juu ya Moto wa Mama

Juma lililopita tulibomoa jiko la mama kule Ruanda, Mbozi. Fundi alipovuta boriti ya katikati, masizi yalimwagika yakatufunika sote, na kwa muda nikasikia harufu ya makande na kuni za miti ya kahawa. Nilitoka nje nikakaa peke yangu. Wewe uliyelelewa na moto wa kuni utanielewa.

Ujanani baba alibeba mikoba ya wacheza gofu katika miji ya migodi, Zambia. Wachezaji wakubwa wa kulipwa walikuja huko kushindana, na mmoja akampa fimbo aliyochezea. Hapo ndipo mapenzi yalipomwingia. Hata aliporudi nyumbani kulima kahawa, aliendelea kutafuta fimbo zilizoshikwa na mabingwa. Madereva wa malori walimletea hadi Tunduma, naye akawapa kahawa, kuku, na mara moja mbuzi. Zilikuwa fimbo za zamani, mpini wa chuma na kichwa cha mti. Kwenye kichwa kila mchezaji alikuwa amechora alama yake, na baba alitufundisha kuzisoma: huyu ni yule mrefu wa Afrika Kusini, huyu Mwingereza aliyetukana kila akikosa.

Jirani yetu hakuchoka kumchokoza. "Mwenzetu, fimbo zote hizo na ng'ombe huna!"

"Ng'ombe hufa," baba alijibu. "Fimbo inabaki."

Mama alicheka pamoja na jirani. Lakini alipoona wadudu wameanza kutoboa kichwa kimoja, alizichukua zote akazipanga kwenye uchaga juu ya mafiga, kando ya mahindi ya mbegu. Kwetu, kitu unachotaka kikufikishe mwakani unakiweka kwenye moshi. Baba alifurahi, akasema mkewe amemfungulia benki. Zikakaa huko miaka, nasi tukisonga ugali chini yake.

Kisha mama akaugua tumbo. Zahanati walisema apelekwe Mbeya akapasuliwe, na mwaka huo miti ya kahawa ilikuwa imekauka. Dereva mmoja akatuletea mtu kutoka ng'ambo ya mpaka, mkusanyaji wa vifaa vya wachezaji mashuhuri, mtu wa kweli, mwenye uwezo. Mama, akiwa kitandani, akaagiza mgeni achinjiwe kuku.

Baba alizishusha fimbo uani. Mgeni akachukua ya kwanza, akaifuta kwa kitambaa, akafuta tena. Masizi yalikuwa yameganda kama lami. Alipokwangua, alama ya mchezaji ilibanduka pamoja na rangi. Joto lilikuwa limepasua vichwa, na ngozi ya kushikia ikamong'onyoka vidoleni mwake. Alizipitia zote, hakuruka hata moja. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza kama mtu aliyefika msibani.

"Pole sana, mukwai, mzee wangu. Mimi nakuamini, lakini nani mwingine ataamini? Nani aliziweka motoni?"

"Mimi," baba akasema.

Mgeni alipoondoka, baba aliingia chumbani. Nilikuwa nyuma ya mlango.

"Amesemaje?" mama aliuliza.

"Amezipenda. Amefuata fedha, atarudi."

"Basi zirudishe juu, Baba watoto. Zisije zikaliwa kabla hajarudi."

Baba akapanda juu ya kigoda, akazipanga tena kwenye moshi, moja moja. Vyuma viligongana. Mama akaita kutoka chumbani, "Taratibu! Utazikwaruza."

Baba alizunguka kwa ndugu na kanisani, lakini kilichopatikana hakikutosha. Mama alifariki kabla ya mvua za kwanza. Hadi siku ya mwisho aliuliza kama kuna gari limesikika barabarani, na baba alijibu, "Bado kidogo."

Siku hizi mbegu tunanunua Mlowo, imepakwa dawa, na tunapikia gesi. Jiko lilipokosa moto wadudu walirudi wakamaliza kazi yao. Tulichokuta kwenye uchaga ni vyuma vyenye kutu. Jirani yule alishatangulia. Baba tumemzika mwezi uliopita, kando ya mama.

Alikuwa mkali kwa uongo. Alituchapa kila tulipodanganya. Ule mmoja aliomwambia mama aliubeba peke yake maisha yote, na sasa hayupo wa kumwambia kwamba niliusikia.